Kigoda chenye jina la Abhinavagupta: ushauri kwa wanaochanga

Kama jumuiya yenu imeamua kuchangishana ili chuo kikuu kiwe na kigoda cha kudumu, yaani nafasi ya profesa inayolipiwa na mfuko wa wafadhili, chenye jina la mtu mnayemheshimu, kubalianeni mapema kwamba hundi ikishatoka, kigoda si chenu tena. Nimekuwa katibu wa kamati ya aina hiyo, na magomvi karibu yote niliyoyaandika kwenye kumbukumbu za vikao yalitokana na watu kutolimeza jambo hilo tangu mwanzo.

Kamati ilikuwa ya familia za Wapandit, yaani Wahindu wenye asili ya Bonde la Kashmir, kaskazini mwa India, wanaoishi Kanada. Mimi ni Mtanzania. Niliingia kwa sababu nilikuwa nafanya kazi kwenye ofisi ya kitivo huko, nikijua karatasi zinapita wapi na zinakwama kwa nani. Walitaka kigoda cha masomo ya maangamizi ya utamaduni, na jina walilolichagua lilikuwa la Abhinavagupta, mwanafalsafa wa Kishaiva aliyeishi Kashmir kati ya mwaka 950 na 1016 hivi. Washaiva ni Wahindu wanaomtambua Shiva kuwa ndiye mkuu wa yote, na katika mapokeo ya Kashmir Shiva ni ule ufahamu ulio ndani ya kila mtu, ambao mtu amejisahaulisha tu.

Uchungu wao una tarehe. Kuanzia Januari 1990, uasi wa silaha dhidi ya utawala wa India ulipopamba moto, Wapandit wakauawa na wengine wakatishwa, sehemu kubwa ya jumuiya ililihama Bonde la Kashmir. Wengi waliishia kwenye mahema ya kambi za Jammu, kwenye joto ambalo watu wa milimani hawakulizoea. Leo kuna vijana Toronto na Delhi ambao bibi zao wanazungumza Kikashmiri na wao wanaitikia kwa Kiingereza au Kihindi.

Sasa, jina la somo. Hapa nendeni polepole. Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi kutoka Poland aliyelitunga neno la kisheria la mauaji ya kimbari mwaka 1944, aliona kwamba kuua utamaduni wa watu ni sehemu ya kuwaua watu wenyewe. Rasimu ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya mauaji ya kimbari ilikuwa na kifungu cha utamaduni. Oktoba 1948 kamati ya sheria ya Baraza Kuu ilikipigia kura ya kukiondoa, 25 kwa 16, na nchi zenye makoloni au wazawa walionyang'anywa ardhi zilikuwa na sababu zao za kutokitaka. Kwa hiyo mahakama ya Arusha ilipomtia hatiani Jean-Paul Akayesu wa Rwanda mwaka 1998, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo, sheria iliyokuwa mezani haikuwa na kifungu cha vitabu, lugha wala mahekalu.

Maana yake ni kwamba mnapoliandika somo hili kwenye barua ya maombi, mnaomba chuo kifundishe jambo ambalo sheria ililikataa na wasomi bado wanalijadili. Hilo si baya. Ndiyo kazi ya chuo. Ila jueni mko nchi gani. Kanada, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitamka mwaka 2015 kwamba shule za bweni walikopelekwa watoto wa wazawa zilikuwa maangamizi ya utamaduni. Kamati ya wahamiaji inayotaka kigoda cha somo hilo bila kwanza kwenda kuwasalimu na kuwasikiliza wenyeji wa ardhi hiyo itaonekana haina adabu, na kwa maoni yangu itakuwa haina kweli.

Rasimu yetu ilikuwa na kifungu kilichomtaka profesa akubali, kabla ya kukalia kigoda, kwamba yaliyowapata Wapandit ni mauaji ya kimbari. Mzee mmoja, mhandisi mstaafu, alikipigania kifungu hicho kama mtu anayetetea shamba la babu. Mwanasheria wa chuo akakifuta kwa mstari mmoja. Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu, chai ikapoa, watu wakasimama na kukaa tena.

Nilikuwa upande wa mwanasheria, na nilimweleza mzee sababu bila kumzunguka. Kigoda ambacho jibu lake limeshalipiwa hakisomwi na mtu nje ya waliolipa. Historia ya Kashmir yenyewe ina utata wa kutosha: Sultani Sikandar, aliyetawala 1389 hadi 1413, anakumbukwa kama mvunja mahekalu, na wanahistoria wanabishana ni kiasi gani, lakini mwanawe Zain-ul-Abidin anasifiwa na Jonaraja, Mhindu wa tabaka la makuhani aliyeandika historia za wafalme. Tena bonde lile tangu 1989 limezika Waislamu kwa maelfu. Profesa asiyeruhusiwa kuyataja makaburi hayo hataaminika akiyataja ya Wapandit.

Mfano niliompa ukafanya kazi kuliko hoja zangu. Chuo Kikuu cha Clark, Marekani, kina kigoda cha masomo ya mauaji ya kimbari ya Waarmenia, yaliyofanywa na dola ya Kituruki ya Kiosmani, kigoda kilichotokana na michango ya familia za Kiarmenia. Kuanzia 2008 kilikaliwa kwa miaka mingi na Taner Akçam, mwanahistoria mzaliwa wa Uturuki. Pesa ya Waarmenia, profesa Mturuki, na ushahidi aliouchimbua kwenye nyaraka za Kiosmani ukawa mgumu kupuuzwa. Mzee alinyamaza, akauliza kama Akçam alichaguliwa na wafadhili. La, nikamwambia, na ndiyo faida yenyewe.

Upande wa pili uko Irvine, California. Mwaka 2016 chuo kikuu cha pale kilikataa dola milioni 3 za taasisi moja zilizokusudiwa vigoda viwili vya masomo ya India, baada ya walimu kulalamika kwamba mfadhili ana mwelekeo wake na anataka sauti katika kuchagua mtu. Kama mnadhani pesa nyingi hunyamazisha idara, fikirieni upya.

Nije kwa mwanafalsafa mwenyewe, maana kamati nyingi humpachika mtu jina mlangoni kisha humsahau. Abhinavagupta anafaa kwa somo hili kwa sababu ya alichokiandika. Katika ufafanuzi wake wa kitabu cha kale cha Bharata kuhusu tamthilia, anaorodhesha vikwazo vinavyomzuia mtazamaji kuonja kilicho jukwaani, na kimojawapo ni kuzama katika furaha na huzuni zako mwenyewe. Anatoa mfano wa paa anayekimbia mshale katika tamthilia ya Kalidasa, mshairi wa kale wa India: hofu ile haiwi tena ya paa huyu wala yangu wala ya adui yangu, inakuwa hofu inayoweza kuonjwa na yeyote. Nilipousoma mfano huo kwa sauti kwenye kikao, mama mmoja aliyekuwa kimya siku zote alisema, basi huyo anatusema sisi. Na Abhinavagupta alikuwa mtu asiyejifungia. Alifunzwa na walimu wengi, wakiwemo wa nje ya dini yake, na akaandika kwamba mwanafunzi mwenye kiu ya elimu aende kwa mwalimu baada ya mwalimu kama nyuki anavyokwenda ua baada ya ua.

Kuna jingine. Ufafanuzi huo ulikuwa umetoweka Kashmir. Nakala zilizouokoa zilipatikana kusini kabisa mwa India, upande wa Kerala, na zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba mhariri aliyeanza kuuchapisha mwaka 1926 alimnukuu rafiki yake akisema hata Abhinavagupta akishuka kutoka mbinguni asingeweza kurudisha maneno yake kirahisi. Somo la maangamizi ya utamaduni limo humo tayari: nani alinakili, nani aliacha kunakili, kitabu kilisafirije.

Pesa. Kigoda huendeshwa kwa wakfu, yaani mtaji hauguswi na mtu na chuo hutumia faida tu, mara nyingi asilimia 4 hivi kwa mwaka. Kigoda cha Kitamili cha Harvard kilihitaji dola milioni 6, zikatimia 2018; cha Chuo Kikuu cha Toronto, Scarborough, dola milioni 3 za Kanada, zikatimia 2021. Pigeni hesabu: milioni 3 kwa asilimia 4 ni 120,000. Ukitoa mshahara na bima za profesa, kinachobaki hakimleti mwanafunzi hata mmoja.

Ndiyo maana niliwashauri waanze na kidogo. Yule mhandisi alikuwa amekuja na kikunjo cha karatasi kilichofungwa kitambaa chekundu, utabiri wa nyota wa kuzaliwa kwa baba yake, ulioandikwa na kuhani wa ukoo kwa hati ya Sharada, maandishi ya kale ya Kashmir. Tuliutandaza juu ya meza. Wino ulikuwa bado mweusi, duara za sayari zimepigwa kwa mkono uliotulia, pembeni kuna alama ya kikombe cha chai ya miaka mingi. Chumbani mlikuwa na madaktari na wahasibu, na hakuna aliyeweza kusoma mstari mmoja. Kulipia mtu mmoja afundishe hati hiyo kila kiangazi hakuhitaji milioni 3, na msipofanya sasa, profesa wenu wa mwaka 2040 atakuta makasha ya maandishi yasiyoweza kusomwa na mtu.

Dar es Salaam tulilijua hilo kwa njia yetu. Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, kilichoanza 2008 na Profesa Issa Shivji, watu wa kawaida walikifahamu kwa yale makongamano ya kila mwaka Ukumbi wa Nkrumah, watu wamekaa hadi kwenye ngazi. Mtaji sijawahi kusikia mtu akiuzungumzia kwenye daladala.

Neno la mwisho ni la karatasi. Kabla ya kusaini, tafuteni kifungu kinachosema kigoda kikikaa wazi faida ya wakfu inakwenda wapi. Kwenye rasimu tulizopewa kilikuwa karibu na mwisho, kwa maandishi madogo, na kiliiruhusu kwenda kwenye mfuko mkuu wa kitivo. Sisi tuliomba iende kwa wanafunzi wanaojifunza Sharada, wawe Wapandit au wasiwe, na chuo kilikubali siku hiyohiyo. Hakuna aliyekuwa amewahi kuwaomba.