Maswali Yenu: Umeme wa nyuklia sawa, ila taka zake zinalala wapi?

Toleo lililopita tuligusia urani, madini ya kutengenezea fueli ya nyuklia, ya Namtumbo na mpango wa Kenya wa kujenga kinu cha nyuklia, basi meseji zikamiminika, nyingi toka Arusha na Moshi. Nimechukua zile ambazo watu wengi wameuliza kitu kilekile.

Shikamoo mhariri. Nakaa Njiro, nasikia eti huku kwetu kuna ghala la taka za nyuklia. Ni kweli? Watoto wetu wako salama kweli? – Mama wa watatu, Njiro, Arusha

Marahaba mama. Ni kweli lipo, ni ghala la taifa la taka za mionzi na liko chini ya Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC. Ila sio taka za kinu cha umeme maana Tanzania hatuna kinu hata kimoja. Kinachowekwa mle ni vyanzo vya mionzi vilivyochoka, vile vya mashine za hospitali, vya viwandani, na vile vya vifaa ambavyo wajenzi wa barabara wanapimia udongo kama umeshindiliwa vizuri. Ni vitu vidogo sana, vingine havizidi kidole, vimefungwa ndani ya chuma na risasi (ile metali nzito, sio ya bunduki) na zege.

Mionzi inapungua haraka ukikaa mbali nayo, ukiongeza umbali mara mbili inashuka mpaka robo, kwa hiyo kuishi mtaa mmoja na ghala linalotunzwa ni tofauti kabisa na kushika kilichomo ndani. Lakini una haki ya kuuliza vipimo vya mionzi nje ya uzio vinasomaje, muulizeni mwenyekiti wa mtaa apeleke barua, hilo sio kosa na wala sio ukorofi. Mimi kinachoninyima usingizi sio kile kilichofika ghalani, ni kile ambacho hakikufika, na hapo naomba usome swali linalofuata.

Oya kaka mhariri mambo vipi, mi ni chalii wa skrepa hapa Moshi, kuna watu wananiletea vyuma vizito kinoma vya mashine za zamani, naskia kuna vyuma vina mionzi inaua, sasa mi ntajuaje na mzani wangu haupimi ivo vitu? – Mnunuzi wa vyuma chakavu, Moshi

Poa mdogo wangu, na nashukuru umeuliza kabla hujakata. Hili ndo swali kubwa kuliko yote ya leo kwa sababu vinu vya nyuklia viko mbali na sisi ila vyuma chakavu viko kila kona, Majengo, Pasua, Unga Limited, kote.

Mwaka 1987 kule Brazil, mji wa Goiânia, kliniki ya kutibu saratani ilihama jengo ikaacha mashine ndani. Vijana wawili wakaingia wakaing'oa, wakaipeleka kwa mnunuzi wa skrepa kama wewe. Ndani mlikuwa na unga wa sizi-137 (cesium), kitu chenye mionzi mikali, gramu 93 tu, hata robo kilo haufiki. Kikafunguliwa, usiku ule unga ukawa unang'aa rangi ya bluu, mwenye yadi akaona ni kitu cha thamani, akaita ndugu na majirani waje waone, wakagawana, wengine wakajipaka mwilini. Mtoto wa kike wa miaka 6 akala chakula mikono ikiwa na ule unga. Walipoanza kutapika na kuharisha walidhani ni chakula kibaya. Aliyeshtuka ni mke wa yule mwenye yadi, ndiye aliyeona kila anayeumwa alikuwa karibu na kile chuma, akakipeleka kwa watu wa afya, tena kwa basi. Bila yule mama wangekufa wengi zaidi. Walikufa wanne, yeye mwenyewe na yule mtoto wakiwemo, na wafanyakazi wawili wa yadi. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi, nyumba zikavunjwa, na udongo wa juu ukakwanguliwa ukafukiwa kama taka.

Na Mexico kabla ya hapo, mjini Juárez, mashine ya hospitali yenye kobalti ya mionzi iliuzwa skrepa ikayeyushwa, ikatoka nondo, nondo zikajengea nyumba. Waligundua Januari 1984 kwa bahati tu, lori lililobeba zile nondo lilipita karibu na maabara ya Los Alamos, Marekani, vipima mionzi vya getini vikapiga kelele.

Sasa utajuaje. Kwa macho, pua au ulimi hutajua, mionzi haina harufu wala joto. Angalia alama, ile ya njano yenye mapanga matatu meusi yanayozunguka nukta, au ile mpya ya pembetatu nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia. Alama inaweza kuwa imefutika, kwa hiyo angalia na uzito, kitu kidogo ambacho ni kizito kuliko kinavyostahili mara nyingi kina risasi ndani na ile risasi iliwekwa kwa sababu. Ukishuku usikate, usipige nyundo, usiweke gesi, usiseme ngoja nione ndani kuna nini. Ondoka pale, zuia watu, hasa watoto, piga simu polisi na uwaambie wawaite TAEC. Kama umeshakigusa, nawa kwa sabuni, badili nguo uziweke kwenye mfuko ufunge, na ukienda hospitali mwambie daktari wazi kwamba ulishika chuma unachokishuku, maana asipojua atakutibu tumbo.

Na wenye hospitali na viwanda, ile mashine yenu ya zamani iliyoko stoo nyuma ya jengo ina mwenyewe, na mwenyewe ni nyie. Ikitoka kwenye karatasi zenu itatokea kwenye yadi ya huyu kijana.

Mhariri, mimi ni mstaafu. Wafaransa wanapata umeme wao karibu asilimia 70 kwa nyuklia na hatusikii wakifa. Kenya wanapanga kujenga, Afrika Kusini wanao, sisi tunaogopa nini? – Mzee wa Marangu

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kwamba uoga mtupu hausaidii. Kituo cha nyuklia cha Koeberg, Afrika Kusini, kinazalisha umeme tangu 1984, Misri wanajenga vinu vinne El Dabaa. Na taka zenyewe sio milima, kinu cha megawati 1,000 kinatoa tani 20 hadi 30 za fueli iliyotumika kwa mwaka, makaa ya mawe yanatoa majivu mengi kuliko hayo kwa mbali sana.

Shida ni muda, mzee wangu. Ile fueli ikitoka inakaa kwanza kwenye bwawa la maji miaka kadhaa ipoe, halafu inahamishiwa kwenye makasha ya chuma na zege, na ndani yake kuna plutoni-239, kitu chenye mionzi, ambayo inahitaji miaka 24,100 ipungue nusu tu. Marekani walichagua mlima Yucca wa kuzikia taka hizo mwaka 1987 na mpaka leo hakuna kilichozikwa pale. Ujerumani walitumbukiza mapipa kama 126,000 ya taka zenye mionzi hafifu na ya kati kwenye mgodi wa chumvi wa Asse, maji yakaanza kuingia, sasa wanatakiwa kuyatoa tena. Waliofika mbali ni Finland, wamechimba shimo la kuzikia taka liitwalo Onkalo, zaidi ya mita 400 chini kwenye mwamba wa miaka bilioni 1.9.

Sasa tazama kwetu. Sisi tumekaa ukingoni mwa Bonde la Ufa, Oldonyo Lengai unalipuka, na 2007 ardhi ya mlima Gelai ilitikisika mpaka Nairobi wakakimbia maghorofani. Huku Kaskazini sio pa kuzika kitu cha kukaa miaka laki moja. Katikati ya nchi kuna mwamba wa kale sana, lakini hata Dodoma hutetemeka.

Kenya walianza na Uyombo, Kilifi, wananchi wakapinga, kisha macho yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria, na ziwa lile tunachangia, samaki wa Mwanza na Musoma hawajui mpaka. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba nchi ioneshe kwanza taka zitazikwa wapi na nani atalipa, ndipo iweke zege la kinu. Hiyo haki tuidai hata kwa jirani.

Mkuu mimi nimemaliza chuo hapa Arusha, mambo ya maabara ya madini, kuna uwezekano nikapata kazi kwenye urani Namtumbo. Niende au nitaharibikiwa? – Kijana wa Sakina

Nenda, ila nenda na macho. Mradi wa Mto Mkuju, ndio huo wa urani ya Namtumbo, ulizinduliwa kiwanda chake cha majaribio Julai 2025, na urani yenyewe ghafi haina mionzi mikali kama fueli iliyotoka kinuni. Hatari yake ni vumbi na gesi ya mionzi iitwayo radoni kwenye mapafu. Halafu kuna mabaki, yaani mwamba uliosagwa na tope lake, urani inaondoka lakini radi (radium, kitu chenye mionzi, sio radi ya mvua) inabaki, na radi inahitaji miaka 1,600 ipungue nusu. Julai 1979 kule Church Rock, Marekani, ukuta wa bwawa la tope kama hilo ulipasuka likaingia mto Puerco, ambao Wanavaho, wenyeji wa asili wa huko, walinyweshea mifugo. Maji ya upande ule wa Namtumbo yanaelekea Rufiji, kwa hiyo ukiwa ndani ya maabara wewe ndiye utakayekuwa unasoma namba za maji, na usikubali mtu akuambie uandike zingine.

Kabla hujasaini mkataba uliza utapewa beji ya kupima mionzi na nani anaisoma, ukomo kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti (kipimo cha mionzi mwilini) 20 kwa mwaka na majibu yako ni haki yako kuyaona. Uliza kama mkojo unapimwa, kama kuna maski za maana na feni za kutoa hewa. Nguo za kazi ziachwe kazini zifuliwe hukohuko, usibebe nyumbani.