Muulize Fundi wa Mahema: Turubai badala ya hema

Barua za mwezi huu zimefuatana kama zilizopangana: karibu wote mnataka kuacha hema nyumbani na kubeba turubai. Kwa asiyenifahamu, nimezaliwa Pangani, nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka kumi na moja, na sasa nina cherehani Lushoto. Nashona mabegi na kuziba mahema ya watu.

*Fundi, habari za kazi. Likizo ya Juni sisi walimu watatu tumepanga kutembea kwa miguu Lushoto hadi Mtae, siku nne. Hema letu lina kilo nne na nusu. Tulijaribu kulibeba hadi stendi na kurudi, tukaishia kutazamana. Mwenzangu anasema tubebe turubai. Tununue lipi, la ukubwa gani? — Mwalimu, Korogwe*

Njema, Mwalimu. Mwenzako ana akili, ila muulize ni turubai lipi analolisema, maana jina ni moja na vitu ni vitatu. Lipo la lori, lile zito la kufunikia mahindi. Hilo lina zaidi ya nusu kilo kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo mkilikata mita 3 kwa 4 mmebeba kilo sita na ushee. Mtakuwa mmekimbia hema mkaangukia kubaya zaidi. Lipo la bluu la plastiki lililofumwa, la duka la vifaa vya ujenzi: ukubwa huohuo huwa kilo moja na kidogo. Halafu lipo la nailoni au poliesta nyembamba iliyopakwa silikoni, linalotengenezwa kwa ajili ya watembeaji. Nguo yake ni gramu 45 hivi kwa mita mraba, kwa hiyo mita 12 ni gramu 540. Linaingia kwenye mfuko wa koti.

Ukiniuliza mimi, safari ya kwanza nendeni na la bluu. Linapiga kelele upepo ukivuma, na likikunjwa mara nyingi linapasuka kwenye mikunjo. Lakini ni la bei ya chini, na mtajifunza kuliwamba bila kuogopa kulitoboa. Mwaka 1955 bibi wa Kimarekani, Emma Gatewood, mwenye miaka 67, alitembea njia ya Appalachian peke yake, zaidi ya kilomita 3,000, na kinga yake ya mvua ilikuwa pazia la bafuni la plastiki. Kwa hiyo asiwatishe mtu kwamba bila nguo ya bei mbaya hamfiki Mtae.

Ukubwa sasa. Watu watatu chukueni mita 3 kwa 4. Mgongo wa paa upite kwenye urefu wa mita 4, kila upande ushuke mita moja na nusu. Mkiinua mgongo hadi mita 1.2, kingo zikagusa ardhi, sakafu ina upana wa mita 1.8. Mkiushusha hadi sentimita 90, sakafu inafika mita 2.4. Mtu mmoja akilala anataka sentimita 60. Watatu ni mita 1.8. Kwa hiyo mgongo wa mita 1.2 unawaweka waliolala pembeni puani mwa maji, na wa sentimita 90 unamwachia kila mmoja wao sentimita 30 za kukwepa matone. Mtaingia kwa kutambaa. Huo ndio ushuru wake.

Kama mna hela kidogo zaidi lakini hamtaki kuagiza ng'ambo, tafuteni kava la juu la hema la mtumba. Mimi nayapata soko la Memorial pale Moshi. Kabla sijalipa nafanya hivi: naunusa mshono, kava likitoa harufu ya kuchacha au likinata vidoleni, naliacha, dawa yake ya ndani imeshaoza. Lisiponuka, nakunja sehemu ya nguo iwe kama kibakuli, namimina maji ya chupa, napiga soga na muuzaji dakika tano. Mkono wangu wa chini ukibaki mkavu tunaanza kuelewana bei. Mara ya mwisho muuzaji aliniuliza kama nanunua hema au namwogesha mtoto.

Jambo la nailoni mlijue mapema: ikilowa inarefuka. Mtaliacha limekaza kama ngoma saa moja jioni, saa tatu limelegea na kufanya tumbo katikati, na tumbo hilo hujaa maji. Toka mara moja kabla ya kulala ukaze kamba zote. Poliesta hailegei hivyo, na huko kwetu Juni ukungu hauchoki, kwa hiyo mkipata nafasi ya kuchagua, chagueni poliesta.

*Mzee, salamu kutoka Nairobi. Nimejaribu turubai langu Ngong Hills. Huko juu hakuna mti wa kufungia, na upepo ulilitwaa hadi nikalikimbiza. Nilikosea wapi?*

Pole kwa mbio. Mgongo wa Ngong uko wazi, na walioweka mitambo ya umeme wa upepo pale walijua wanachofanya. Ninachokisia ni kwamba uliliwamba juu, kama la harusini, mdomo ukiutazama upepo.

Wavuvi wa kwetu wanajua upande wa joshi, upepo unakotoka, na upande wa demani, unakoelekea. Anza na joshi. Ukingo wote wa upande huo ushushe hadi chini kabisa, upigilie vigingi kabla hujainua chochote. Kisha nenda demani, simamisha fimbo moja ya kutembelea katikati ya ukingo ule mwingine, isizidi kimo cha kiuno, na uvute kamba yake mbele. Pembe mbili zilizobaki zifungie chini. Unapata kitu kama chaza aliyefunua mdomo kidogo, mgongo wake upeponi. Si nyumba ya kifahari, lakini upepo unapita juu yake badala ya kuingia ndani na kulijaza kama tanga.

Vigingi vyako ni vya nini? Vile vya waya laini vinavyokuja na mahema ya bei poa hupinda ukivitazama. Mimi natumia spoku za pikipiki, nazikunja kichwa kwa koleo. Chomeka kigingi kikilala kidogo, kichwa kielekee mbali na turubai. Penye mawe, funga kamba kwenye jiwe unaloshindwa kulisukuma kwa mguu.

Na fundo. Zungusha kamba kwenye kigingi, rudisha ncha kwenye kamba yenyewe, izungushe mara mbili kuelekea kigingi, ndani ya kitanzi, kisha mara moja nje ya kitanzi, upande wa turubai, na uipenyeze chini ya mzunguko huo wa mwisho. Ukilishika fundo kwa vidole linateleza juu na chini. Turubai likivuta, linang'ang'ania. Likikuponyoka kwa sababu kamba ni nyembamba, ongeza mzunguko wa tatu ndani. Jifunze sebuleni, kwa kiti, taa ikiwa imezimwa.

Usikaze pembe moja mpaka mwisho ndipo uende nyingine. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, na turubai linakuwa hivyohivyo: upande wako umenyooka, wa pili umekunjamana. Zunguka mara mbili, kila pembe kidogo kidogo.

*Shikamoo fundi. Mimi ni binti wa Morogoro, napenda milima ya Uluguru. Turubai halina sakafu wala mlango. Je, mbu? Nyoka? Mama hataki hata kusikia.*

Marahaba mwanangu. Mama yako ana haki ya kuuliza, na jibu la mbu ni rahisi: chandarua. Chukua cha mtu mmoja, kining'inize kwenye kamba ya mgongo wa turubai, pindo zake uzibane chini ya mkeka. Chini tandika karatasi la nailoni, lakini likunje liwe dogo kuliko kivuli cha turubai. Likichomoza nje hata kiganja kimoja, mvua itaanguka juu yake na kutiririka hadi ubavuni mwako.

Nyoka hana shida na wewe. Kaa mbali na marundo ya mawe, magogo na majani marefu, viatu vipindue juu ya fimbo, na asubuhi uvikung'ute. Mimi katika miaka yote hii nyoka hajaniingilia. Walioniingilia ni siafu.

Ilikuwa pembezoni mwa msitu wa Magamba, juu kidogo ya Lushoto. Nilikuwa na mpwa wangu. Tulifika giza limeshaanza, tukaona sehemu nzuri tambarare yenye kijia chembamba cheusi kilichokatiza, nikadhani ni maji ya mvua yaliyopita. Tukawamba, tukala ugali na dagaa, tukalala. Saa nne nikasikia kama mtu anamimina mchele juu ya karatasi la nailoni. Nikanyoosha mkono kutafuta tochi, mkono ukarudi na siafu watatu wameng'ata kati ya vidole. Nilipowasha, ile sakafu ilikuwa inatembea. Mpwa wangu alishatoka nje zamani, bila suruali, anaruka na kujichapa huku akiwatukana kwa Kisambaa. Tukang'oa kila kitu kwa mkupuo mmoja, tukahamia mita hamsini juu, tukakaa hadi alfajiri tukichomoana vichwa vya siafu, maana mwili hung'oka na kichwa kikabaki kimeshika.

Tangu siku hiyo, kabla ya kufungua begi nazunguka mahali pale na tochi, naangalia ardhi kama mtu aliyedondosha shilingi. Nikiona msururu wao, hata mwembamba, siweki mzigo. Na mabaki ya chakula nayaondoa kabisa. Wakishafika, usihangaike na dawa. Hama.

Kwa Uluguru ogopa zaidi maji. Huko mvua haisubiri masika. Usilale kwenye bonde dogo hata kama ni laini na limenyooka. Ulaini ule umeletwa na maji. Tafuta sehemu iliyoinuka kidogo, yenye mteremko mdogo, na ulale kichwa juu. Tazama juu pia: tawi kavu, au mkaratusi mkubwa, ondoka chini yake, maana mikaratusi hudondosha matawi hata siku isiyo na upepo. Kamba ya mgongo ikifungwa kwenye mti, maji hufuata kamba hiyo hadi ndani na kukudondokea usoni. Funga kipande cha uzi wa kiatu kwenye kamba, sentimita chache kabla haijafika kwenye turubai, ukiache kining'inie. Maji yatashuka hapo.

Usipikie ndani. Nailoni haiwaki kama karatasi, inayeyuka na kudondoka ikiwa ya moto, na inakudondokea wewe.

Mwisho, msitu wa Uluguru ni hifadhi. Pita ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu uchukue kibali, na ukiwa karibu na makazi mjulishe mwenyekiti wa kijiji. Ukifanya hivyo mama yako atakuwa na mtu wa kumpigia simu, na nadhani hilo ndilo analolitaka kuliko chandarua.

*Fundi, je, turubai linafaa Kilimanjaro? — Dar es Salaam*

Hapana. Kwanza hupandi bila mwongozaji mwenye leseni na kampuni yake, na mahema ni ya kampuni. Pili, kambi ya Barafu imepita mita 4,600, ardhi ni mawe matupu, upepo unakuja kutoka kila upande usiku mmoja, na maji ya chupa huganda. Sisi wagumu, ndivyo wapagazi wa mlima ule tunavyojiita, kuna msimu kampuni moja ilitulaza chini ya turubai la lori lenye tundu ikasema la wageni ndilo la muhimu. Nilikuwa na miaka ishirini na nne na sikulala hata dakika. Nenda na hema lililofungwa pande zote.

*Kitundu cha chuma cha kufungia kamba kimechomoka kwenye turubai langu, nguo imechanika kidogo. Nilete Lushoto? — Arusha*

Ukipita huku karibu, nitakushonea kiraka na kitanzi cha mkanda. Lakini usikatishe safari kwa ajili hiyo. Okota kokoto laini ya mviringo, kubwa kama punje ya njugu mawe. Iweke upande wa chini wa turubai, sentimita kumi ndani kutoka pale palipochanika, kusanya nguo kuizunguka hadi ifanye kichwa, na ufunge kamba shingoni kwa kitanzi kinachobana. Vuta. Kadiri unavyovuta ndivyo inavyobana, na hujatoboa popote. Langu la kwanza lilimaliza miaka miwili likiwa na kokoto nne, na nilipokuja kulishonea vitanzi nilisahau kutoa moja. Bado imo.