Prolog yako inazunguka tu? Isome kabla ya kuiendesha tena

Ushauri wangu kwa yeyote anayeanza Prolog, lugha ya kuandika programu kwa kanuni za mantiki, ni huu, programu ikigoma kuisha usikimbilie treisi, yaani kuifuata hatua kwa hatua. Treisi itakumwagia mistari elfu inayofanana na utachoka kabla hujaona kitu. Lupu nyingi, yaani mizunguko isiyoisha, zinaonekana kwa macho, kwa kusoma tu.

Chukua hii ya ukoo ambayo karibu kila mtu anaanza nayo (kila mstari ni klozi moja, :- isome "ikiwa", kushoto kwake ni kichwa, kulia ni mwili):

jadi(X,Y) :- mzazi(X,Y).
jadi(X,Y) :- jadi(X,Z), mzazi(Z,Y).

Ukiuliza jadi(asha,W), yaani Asha ni jadi wa nani, majibu yanakuja vizuri tu, unafurahi, ila ukibonyeza nukta-mkato kuomba jibu lingine baada ya jibu la mwisho ndo inakwama, mpaka SWI-Prolog, programu inayoendesha Prolog, ianze kulalamika kwamba steki, kumbukumbu yake ya kazi, imepita giga 1. Sasa chomeka false, sharti linaloshindwa siku zote, moja mwanzoni mwa mwili wa klozi ya kwanza, nyingine mara tu baada ya jadi(X,Z) kwenye ya pili. Kila kilicho nyuma ya false hakifikiwi tena kwa hiyo kifute kichwani, kinachobaki ni jadi(X,Y) :- jadi(X,Z) basi. Hicho kipande peke yake hakiishi, na kama kipande hakiishi basi programu nzima nayo haiishi, manake false inapunguza kazi tu, haiongezi. Mzazi hata hayumo humo, kwa hiyo ukikesha unarekebisha data za wazazi unajisumbua bure. Ila angalia, kipande kikiisha hujathibitisha kitu, na hii yote ni kwa programu safi, ya mantiki tupu, ukishaweka ile alama ya ! inayokata njia nyingine mahesabu yanabadilika.

Halafu linganisha kichwa cha klozi na ule mwito wa ndani. Jadi(X,Z) haina masharti zaidi ya kichwa, yaani chochote kilichoingia mara ya kwanza kitaingia tena na tena. Ukigeuza ikawa mzazi(X,Z), jadi(Z,Y) inaisha, ilimradi wazazi hawana duara.

Kuna watu wameifanya kazi hii iwe ya mashine, Fred Mesnard na Étienne Payet wa chuo kikuu cha Réunion, kisiwa kile kilichopo mashariki ya Madagaska, sio mbali sana na sisi. Chombo kimoja, cTI, kinatafuta ni maswali gani yataisha kwa uhakika, kingine, NTI, kinatafuta yale yasiyoisha. Vinahitajika viwili kwa sababu Turing alishaonyesha mwaka 1936 kwamba hakuna njia moja ya kuamua kwa programu zote, lakini kwa programu nyingi ndogo vinakutana katikati na unapata jibu kamili. Kwa mfano append, inayounganisha orodha mbili za kwanza kuwa ya tatu, inaisha ukijua urefu wa orodha ya kwanza au ya tatu, ukiijua ya pili tu haikusaidii kitu, kwa sababu ile inapitishwa vilevile bila kupungua. Hili nalo unaliona kwa macho, uliza kila mara ni agumenti gani, yaani kipi kati ya vilivyo ndani ya mabano, inapungua.

Wengine watakwambia weka tu :- table jadi/2. ili Prolog iyahifadhi majibu kwenye jedwali isiyatafute upya, na usahau. Kwa jadi inafanya kazi kweli, mimi mwenyewe naitumia. Ila majibu yakiwa hayana mwisho, kama zile namba za s(s(s(0))), ambapo kila s inaongeza moja, jedwali nalo litajaa tu.