Bendi na filamu za wasanii wanaojitegemea, ukiwa Tabora

Wanaolalamika kwamba Tabora hakuna burudani wanasubiri tamasha lenye mabango na msanii kutoka Dar. Likija, twende. Lakini huyo mara nyingi ataimba juu ya CD, nusu saa, arudi hotelini. Mimi nakushawishi uende kwenye bendi ya watu sita saba inayopiga laivu baa ya mtaani Jumamosi, isiyo na meneja wala lebo, ambayo kiingilio chake wakati mwingine ni kinywaji chako tu.

Fika wakati wanafunga vyombo, kabla muziki haujaanza. Tangazo likisema saa mbili, muziki utaanza saa tatu na nusu, hilo linajulikana. Wewe nenda hiyo hiyo saa mbili. Utamkuta mpiga solo anapandisha nyuzi, mpiga besi anabishana na fundi mitambo, na mwimbaji bado ana muda wa kukueleza wimbo ule aliutunga kwa sababu gani. Usiku ukikolea hakuna atakayekusikia.

Usikae mbele ya spika. Baa zetu hufungulia mpaka mwisho, na hapo utaambulia mngurumo tu, kesho masikio yanapiga mluzi. Tafuta meza ya katikati, nyuma kidogo ya wanaocheza. Pamba masikioni si aibu.

Muziki wetu wa dansi huanza polepole, na kisa chote kimo humo, halafu ndiyo linakuja chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea. Wengi husubiri chemko huku wakichezea simu. Wewe sikiliza maneno kwanza, na magitaa yakishachanganya, chagua moja ulifuate. Mimi napenda gitaa la rizimu: jamaa anarudia kitu kilekile dakika tano nzima, na akisita kidogo tu, watu uwanjani wanakosana hatua bila kujua nani kawakosanisha. Mji huu una historia ya mambo hayo. Kiko Kids walitoka hapa, Nyanyembe Jazz pia, na Tabora Jazz wa mtindo wa Segere Matata, bendi aliyoimbia Shem Karenga. Waliowacheza enzi zile bado utawakuta pembeni na soda yao. Mpe mzee shikamoo, mwagizie nyingine, ukae naye. Mmoja alinisikia namsifu mpiga solo akanigeukia: "Mwanangu, mbona anakimbia hivyo? Nani anamfukuza?" Nikasikiliza upya. Kweli alikuwa anakimbia.

Unapotunza, mkumbuke na mpiga tumba. Waimbaji wanapata sana, wa nyuma wanapata jasho. Vunja noti zako mapema, kwa sababu ukiomba chenji kaunta wimbo utaisha.

Filamu ni shughuli pevu zaidi. Zanzibar wana tamasha lao la filamu, ZIFF, tangu 1997. Mabanda ya video ya huku ni mpira, na picha za nje zilizotiwa sauti ya mtafsiri. Kwa hiyo ukitaka filamu ya kijana aliyeitengeneza kwa fedha zake, iandalie mwenyewe uani, na marafiki.

Projekta utakodi kwa watu wa shughuli za harusi. Shuka jeupe lipigwe pasi na livutwe kwa kamba pembe zote nne, maana kunjo moja inaweza kumpa mhusika pua mbili. Spika iweke chini ya shuka, isiwe nyuma ya watazamaji, ili sauti itoke zilipo nyuso. Halafu kuna suala la jua: saa yetu ni moja na Dar, ila huku linazama karibu nusu saa baadaye. Ukiwaalika watu saa kumi na mbili na nusu, mtaangalia shuka.

Anza na filamu fupi, mbili au tatu za dakika kumi hadi ishirini, mzungumze kati ya moja na nyingine. Mwandikie aliyeitengeneza umwombe ruhusa. Wengi wana kurasa zao mitandaoni. Ukitaka kutoza kiingilio, hilo tayari ni onyesho la hadhara, ulizia kwanza taratibu za Bodi ya Filamu. Na mkipata nafasi ya kuiona Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, ambayo Tanzania iliipeleka kuwania Oscar, waite walioisoma riwaya ya Adam Shafi kidato cha tano na cha sita. Hao hawanyamazi. Watakwambia nini kimeachwa na Yasmini wao, yule mhusika mkuu, alikuwa vipi, na ubishi huo mimi naupenda kuliko hata filamu yenyewe.

Anayetaka kutafsiri kila tukio kwa sauti mpeni kazi ya kugawa karanga. Mwenye projekta mlipeni kabla hamjawasha, na mkubaliane mapema umeme ukikatika inakuwaje.