Bei ya kiwanja changu ameishika jirani

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: "Bei ya viwanja mtaani kwenu imepanda. Wewe umenufaika au umeumia?" Nimelisoma mara mbili nikiwa kibarazani kwangu hapa Goba, Dar es Salaam, nikaona haliwezi kuishia mistari mitatu. Mimi ni mwalimu mstaafu na nimekaa mtaa huu tangu mwaka 1998. Nimenufaika, hilo silifichi. Ila kilichoniuma ni kitu ambacho sijaona wasomaji wenzangu wakikitaja.

Nianze na karatasi. Mkataba wangu wa kununulia ninao mpaka leo, umeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, na waliosaini ni mjumbe na majirani wawili. Unasema mzee aliyeniuzia ameniachia mikorosho kumi na mmoja, miembe miwili na mnazi mmoja kwa shilingi 350,000. Ilikuwa kama nusu eka, lakini ardhi haikutajwa popote. Ndivyo tulivyokuwa tunauziana, maana ardhi ni mali ya umma, na kwa serikali ya wakati ule ardhi tupu haikuwa na bei. Ulichoweza kuuza ni jasho lako: miti, nyumba, hata msingi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika 2001, ndiyo iliyokubali waziwazi kwamba haki ya kumiliki ardhi nayo ina thamani. Ardhi yenyewe imebaki ya umma, Rais akiwa mdhamini, na sisi tunauziana haki ya kuikalia. Watu wengi wanaogombania mipaka leo hawalijui hili, na lingewapunguzia hasira.

Wakati ule kwenda Goba ilikuwa ni kwenda shamba. Walimu wenzangu waliniuliza kama nimeamua kulima. Mvua zikinyesha gari lilishindwa mlima, tunashuka, tunapandisha kwa miguu viatu tumeshika mkononi. Kisha nguzo za umeme zikaja. Kisha lami, ile inayotoka Tegeta Kibaoni kupitia Wazo na Goba hadi Mbezi kwenye Barabara ya Morogoro, na nyingine ya kutokea Makongo. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kazi kati ya Kimara na Kivukoni. Mwaka 2021 stendi ya mabasi ya mikoani ikafunguliwa Mbezi Luis. Kila kimoja kati ya hivyo kilitanguliwa na madalali. Greda lilipofika, wao walikuwa wameshamaliza mwaka mzima wakigonga milango na kuuliza, "Mama, hapa nyuma huuzi?"

Mwaka 2009 niliuza. Nilikata ishirini kwa ishirini, nikapata milioni sita, mwanangu wa kwanza akamaliza chuo. Kipande hicho kimeshauzwa tena mara mbili, na mara ya mwisho nilisikia milioni thelathini na tano. Simwonei kijicho aliyepata. Hata hivyo, hiyo milioni thelathini na tano ndiyo imetuharibia mtaa, nami nataka kueleza ilivyotuharibia.

Sisi tulionunua zamani tuliuziwa kwa hatua. Mwenye shamba anatembea, anahesabu, anachomeka kijiti. Njia aliyoacha ilikuwa ya mtu na baiskeli yake, na haikumsumbua yeyote kwa sababu pande zote yalikuwa mashamba: ukikutana na mkokoteni unaingia kwenye mihogo, unaupisha, unaendelea. Kisha kila shamba likakatwa vipande vinne, kila kipande kikakatwa viwili, na kila aliyenunua akajenga ukuta kwenye kijiti chake cha mwisho. Mihogo ya kupishana ikaisha. Piga hesabu ya kiwanja cha milioni thelathini na tano. Ukuta wa mita ishirini ukirudishwa nyuma mita moja tu, mwenyewe amepoteza shilingi 1,750,000. Mwaka 1998 mita ile ile ungepewa kwa kuomba vizuri. Bei ilivyozidi kupanda, ndivyo njia zilivyozidi kubanwa, mpaka nyumba yenye thamani ya mamilioni mengi ikawa haifikiwi hata na gari la kunyonya maji taka.

Masika moja alifariki mama wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, mama tuliyecheza naye upatu miaka na miaka. Gari lililoleta mwili lilibaki barabarani. Vijana wakabeba jeneza. Walipofika kwenye kona ambapo kuta mbili zinatazamana, jeneza halikukata kona. Wakajaribu kulilaza ubavu. Dada yake marehemu akapiga ukelele, wakaliacha. Mwisho vijana wanne walipanda juu ya ukuta, wenzao wakawainulia kutoka chini, likapitishwa kwa juu. Ukuta ule ulikuwa umepandwa vipande vya chupa. Wawili walijikata viganjani, na damu yao ilidondoka kwenye kitambaa kilichofunika jeneza. Mwenye ukuta alikuwa mmoja wa wabebaji. Nilikuwa nyuma yao hatua chache, na uso wake siku ile sijausahau.

Siku ya kuanua tanga, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaleta habari ya urasimishaji, na safari hii hakuna aliyeinuka kuondoka. Kwa ambao hamjapitia jambo hili: wakazi wa eneo lililojengwa bila kupimwa wanachanga, kampuni ya upimaji inaandaa mchoro wa mipango miji, halmashauri inaupitisha, zinapandwa bikoni, yaani mawe ya mipaka, kisha kila mtu anafuatilia hati yake. Serikali iliweka bei elekezi, ikaishusha hadi isizidi shilingi 150,000 kwa kiwanja. Sisi kampuni ya kwanza ilichukua michango ya kaya arobaini na tatu, ikaja siku mbili, haikurudi. Miaka miwili ilipotea hivyo, na wazee wawili walikufa wakiwa wamelipa. Ya pili ilifanya kazi.

Kilichotushtua ni kwamba mchoro haupiti kama nyumba hazifikiki. Lazima njia ziwepo, na njia haina pa kutoka isipokuwa kwenye viwanja vyetu wenyewe, bila fidia. Mpimaji, kijana mpole sana, alinyoosha kamba kutoka barabarani hadi bondeni, akaifuata akimwaga chokaa. Mstari ulipita katikati ya banda langu la kuku na ukachukua mkorosho mmoja. Kwa jirani yangu wa mbele ulichukua choo cha nje. Kwa mwenye ukuta wa chupa ulichukua mita moja na nusu, ukuta mzima. Mtaa ulinyamaza kama wiki nzima. Unatoka asubuhi unaruka chokaa kama unaruka nyoka.

Hapo ndipo nilipoelewa bei ya kiwanja ni kitu gani. Jirani mmoja aliniambia, "Mwalimu, mimi nikitoa, huyu wa mbele yangu asipotoa, nimetupa hela." Na alikuwa anasema kweli. Njia ya mita nne iliyozibwa sehemu moja na mita moja na nusu ni njia ya mita moja na nusu. Dalali akileta mteja, swali la kwanza ni kama gari inafika. Inafika, bei ni hii. Haifiki, bei ni nusu, na mteja wa nyumba ya familia anageuza palepale. Kwa hiyo thamani ya kiwanja changu, niliyodhani iko kwenye mkataba wangu kabatini, kumbe alikuwa nayo mtu wa nyumba ya nne, na yake ilikuwa kwangu.

Jumapili moja baada ya misa tulisikia nyundo. Mwenye ukuta alikuwa anauvunja mwenyewe, amevaa fulana, na watoto wake wanaokota chupa wanazitia kwenye kiroba. Hakuomba msaada, ila kufika saa nane tulikuwa watu kama ishirini pale. Jioni yake nilivunja banda la kuku. Ndani ya miezi mitatu njia ilikuwa wazi karibu yote. Gari la kuzoa taka lilipoingia mara ya kwanza, kina mama walitoka na vigelegele.

Nimesema karibu yote. Kiko kiwanja kimoja kitupu kuelekea bondeni, kimenunuliwa 2007 na mtu ambaye wengi wetu hatujawahi kumwona. Kina msingi tu, na mpapai umeota katikati ya kile ambacho kingekuwa sebule. Maji ya mvua yamepachimba, limekuwa korongo linalokula kila masika kuelekea nyumba za chini. Chokaa ilipita mita mbili ndani yake. Tulimtafuta kwa simu, jibu likaletwa na dalali: mwenyewe hakatai, ila anasubiri bei ikae vizuri. Mwalimu Nyerere alimwona mtu huyu mapema. Mwaka 1962, alipokuwa anaueleza Ujamaa, alimtaja yule anayejitwalia ardhi mjini akaiacha vilevile, akiwategemea wengine waendeleze viwanja vinavyomzunguka ili bei ya chake ipande yenyewe. Choo kilichobomolewa na jirani yangu kimempandishia bei mtu aliye mbali, asiyetoa hata mita moja.

Na hapa nina neno kwa wanaopanga kodi. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo tunaikatwa kwenye luku, yaani tunaponunua umeme. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, na mwaka 2023 ikawa 1,500 na 7,500. Kulipa ni rahisi na silalamikii kiasi. Lakini mjane wa vyumba viwili huku bondeni, asiyefikiwa na gari, anakatwa sawa na mwenye jumba kubwa lisilo la ghorofa lililo usoni mwa lami, na kiwanja kitupu hakikatwi chochote kwa sababu hakina luku. Barabara ile imejengwa kwa fedha za wote. Faida yake kwenye bei ya ardhi imekwenda kwa wachache, na mkubwa wao ni yule asiyejenga. Kiwanja kitupu kando ya lami kilipiwe, na kilipiwe zaidi kila mwaka kinavyozidi kukaa pori. Hiyo hela ingetosha kuziba korongo letu.

Najua watakaosema dawa ni kupima kwanza. Ni kweli. Rafiki yangu tuliyefundisha naye alipata kiwanja Kibada, huko Kigamboni, kwenye ule mradi wa serikali wa viwanja 20,000 wa miaka ya mwanzo ya 2000. Tulimcheka, kwa kuwa alikuwa ng'ambo ya maji na sisi tuko bara. Leo mtaa wake una barabara pana na mipaka inayojulikana, na Daraja la Nyerere la kuvukia Kigamboni lilipofunguliwa 2016 bei ya kwao iliruka bila mtu kuvunja hata jiko. Lakini Kigamboni hiyohiyo watu walikaa miaka wakizuiwa kuendeleza maeneo yao kwa ajili ya mji mpya uliotangazwa 2008, na mji wenyewe haukujengwa. Kwa hiyo kupanga peke yake hakutoshi. Mpango usiotekelezwa nao unamwumiza mwenye ardhi.

Wapangaji ndio sijui niseme nini. Lami ilipofika, wenye nyumba walipandisha kodi na kudai ya miezi sita kwa mkupuo. Walimu vijana wa shule ya hapa karibu wote sasa wanalala mbali, wanapanda magari mawili kuja kufundisha watoto wetu.

Mwanangu wa mwisho, fundi umeme, aliyezaliwa hapahapa, hawezi kununua Goba. Mwaka jana alipata kipande Mapinga, njia ya Bagamoyo. Aliponipeleka kukiona nilihisi nimerudi 1998: mikorosho, vumbi, mzee anayehesabu hatua, vijiti. Wanunuzi wa shamba lile walikuwa sita, wote vijana, na njia waliyoachiwa ilikuwa ya bodaboda moja. Niliwaomba wakae chini ya mkorosho. Niliwasimulia habari ya jeneza. Kisha nikatoa kamba niliyokuja nayo kwenye mkoba.

Mzee hakutaka kupunguza bei, na sikumlaumu, ana wajukuu. Vijana walikubaliana kila mmoja arudi nyuma, wengine mita mbili, wengine tatu, kulingana na alipo. Walinipa mimi niandike mkataba kwa kuwa nina mwandiko. Safari hii sikuandika miti. Niliandika ukubwa wa kila kipande, majina ya majirani wa pande zote nne, na chini yake mstari ambao wote sita na mzee waliusaini kwa pamoja: njia ya mita sita kutoka barabarani hadi mwisho wa shamba, si ya muuzaji wala ya mnunuzi yeyote.

Msomaji, Goba, Dar es Salaam