Foronya ya kambi ya CCC: ifuliwe au isifuliwe?

SWALI: Naishi Ohio. Mama mkwe amenikabidhi foronya ya satini yenye matamvua ya manjano, imeandikwa "CCC", namba ya kampuni (yaani kikosi cha kambi) na shairi la kumsifu mama. Baba yake aliinunua kambini miaka ya 1930. Ina vumbi, mikunjo na doa la kahawia. Nikiifua kwa mkono naweza kuitia kwenye fremu?

JIBU: Usiifue dada, hata kwa maji baridi. CCC ni Civilian Conservation Corps, mpango wa serikali ya Marekani uliowapa vijana wasio na ajira kazi za misitu na hifadhi kuanzia 1933 hadi 1942. Mshahara ulikuwa dola 30 kwa mwezi, na kwa kawaida 25 kati ya hizo zilipelekwa kwa wazazi. Foronya kama hiyo ilinunuliwa kwa salio hilo dogo, iwe pambo la kumpelekea mama. Satini yake mara nyingi ni reyoni (nyuzi za kiwandani), ambayo ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, na matamvua huchuja. Manjano ikishaingia kwenye satini haitoki tena. Kujaribu uzi mmoja hakutoshi, maana kila rangi ina tabia yake.

Vumbi linaondoka bila maji. Ilaze mezani, funika kwa wavu laini wa nailoni, kisha pitisha mashine ya kufyonza vumbi kwa nguvu ya chini kabisa, mdomo wake usiguse kitambaa. Ruka sehemu ambazo rangi ya maandishi inabanduka. Doa liache. Dawa ya kutolea rangi ya kucha ikiwa na asetoni huyeyusha satini ya asiteti (aina nyingine ya nyuzi za kiwandani) papo hapo. Pasi na mvuke pia hapana. Ilaze bapa wiki kadhaa, mikunjo mingi italegea. Kama bado ina mto ndani, utoe, maana unavuta mishono.

Kwenye fremu ishonwe, isigundishwe. Tumia ubao uliofunikwa pamba nyeupe iliyofuliwa, sindano ipite kwenye mishono ya zamani tu, na kioo cha kuzuia miale ya jua kisiguse kitambaa. Itundike mbali na dirisha, miezi michache kwa mwaka. Muda mwingine ikae bapa kwenye boksi na karatasi zisizo na asidi. Mfuko wa plastiki hunasa unyevu.

Kabla ya yote, piga picha pande zote mbili, namba ya kampuni isomeke. Mafaili ya vijana wa CCC yako kwenye Nyaraka za Taifa za Marekani, mjini St. Louis, na namba hiyo itakusaidia kuhakikisha umepata faili la baba wa mama mkwe wako.