Lipu ya chokaa isiachwe ipotee

Mhariri, mmeuliza wiki hii: katika nyumba za wazee wetu, ni kitu gani usingependa kukiona kikiondolewa? Najua wengi watataja milango ya nakshi. Mimi nataja lipu ya chokaa.

Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yakashikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Chokaa nayo imetokana na mawe hayo hayo, yaliyopangwa juu ya magogo, yakachomwa, kisha yakazimwa kwa maji. Ndiyo maana jiwe na lipu yake huelewana. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hupenya kwenye chokaa ukatokea nje. Ukipiga saruji juu yake maji hukosa njia, chumvi hurundikana nyuma, lipu hufura na kubanduka mapande, na ncha za boriti zilizozama ukutani huanza kuoza. Mwenye nyumba akiona hivyo huongeza saruji nyingine! Inaniuma sana kila ninapoliona jambo hili.

Mtazame fundi anayeijua chokaa. Kabla ya kushika mwiko hugonga ukuta kwa konzi, shubiri kwa shubiri, akitega sikio. Pale lipu ilipoachana na jiwe hulia kama kibuyu kitupu, na hapo tu ndipo anapobomoa. Hulowesha jiwe, hupiga tabaka ya kwanza, huiacha ikauke polepole kivulini, maana chokaa hukazwa na hewa na jua kali huipasua. Mwisho hupiga niru, yaani tabaka laini ya chokaa ya kumalizia, akisugua mpaka ukuta uteleze mkononi. Haunyooki kama wa saruji, na mimi naupendea hilo: jioni mwanga wa taa hutambaa juu yake ukiinuka na kushuka.

Lamu walifika mbali zaidi. Katika majumba ya karne ya 18 utakuta ukuta mzima wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, na nakshi za lipu zimeuzunguka. Mnaofika huko, ingieni Jumba la Makumbusho la Waswahili mkaone.

Saruji hukauka upesi na kila duka inauzwa, sikatai. Lakini ukitaka kutengeneza nyumba ya mawe, kabla hujatoa hata senti, muulize fundi: chokaa yako imezimwa tangu lini?